Amplifaya Isiyovuma

Feni ya darini ilikuwa ikilia tangu Fundi Saa alipoingia dukani. Ilikuwa kuukuu, kila ikizunguka inatoa kwii, kwii, na muuza redio mwenyewe alishaizoea kama mtu anavyozoea kikohozi chake. Lakini pale muuzaji alipobonyeza swichi ya kiamplifaya kimoja kidogo cheusi, kilio kilikatika. Fundi Saa akainua macho. Feni inazunguka vilevile. Hailii.

"Umesikia?" akauliza.

"Nisikie nini?" Muuza redio akacheka. "Si ndiyo raha yake hiyo? Husikii kitu."

Maskini, Fundi Saa alikuwa ameshatamani. Tangu asubuhi alikuwa akizunguka mtaa ule wa maduka ya redio, miguu imewaka moto. Nyumbani alikuwa na jozi ya spika za mbao alizoachiwa na marehemu baba yake, spika za maana, zilizokaa bubu miaka na miaka baada ya redio yao kuungua. Alitaka amplifaya ya kuziamsha. Iwe ndogo, maana sebule yote imeliwa na meza ya cherehani ya mkewe na yeye amebakiziwa rafu moja nyembamba. Iwe ya bei nafuu, maana kutengeneza saa za watu hakujamtajirisha mtu. Na isivume. Mtu aliyeshinda maisha yake yote na saa sikioni hawezi kukaa chumba kimoja na kitu kinachovuma.

Yote hayo yalikuwa kwa ajili ya binti yao, ambaye mtaa mzima ulimwita Chiriku. Mtoto huyo aliimba tangu alipofumbua macho. Aliimba akipiga mswaki, povu likimchuruzika hadi kwenye sare ya shule. Nyimbo alizisikia kwenye simu ya mama yake, simu iliyofanya kila mwimbaji awe mbu ndani ya kopo.

"Anaimba vitu asivyovisikia vizuri," Fundi Saa alikuwa amemwambia mkewe. "Siku akivisikia vilivyo, huyu tutamshika wapi?"

Basi dukani alikuwa amechagua kwa makini. Amplifaya ya kwanza ilikuwa na mataa ya kila rangi, na kwenye boksi imeandikwa wati elfu moja. Aliinyanyua, ikawa nyepesi kama kiberiti kitupu.

"Hizi wati elfu zimekaa wapi humu?"

"Hizo ni za kwenye boksi," alikiri muuza redio bila haya.

Ya pili ilikuwa nzito, imara, ila kubwa kama sanduku la safari. Mkewe angeitoa nje pamoja na yeye. Ya tatu ilikuwa saizi yake kabisa, lakini aliposokota sauti hadi mwisho pasipo wimbo wowote, spika za dukani zikavuma kama mzinga. Hapo ndipo muuza redio alipoinama nyuma ya meza akatoa ile nyeusi. Haikuwa na boksi wala jina. Chuma kitupu, kitufe kimoja cha sauti, taa moja nyekundu.

"Hii mtu aliirudisha."

"Kwa nini? Alisema ina nini?"

"Hakusema kitu. Aliiweka hapo juu ya meza akatoka mbio. Hata hela yake hakudai."

Fundi Saa alisokota sauti hadi mwisho. Kimya. Kimya kizito, kizuri, ambacho hajawahi kukisikia popote. "Nimeipata," akasema, na moyo wake ulifurahi kwelikweli.

Nyumbani mkewe aliitazama, akaitazama tena. "Baba Chiriku, umetoka asubuhi yote ukaja na tofali?"

"Ngoja uisikie."

"Haya, iwashe."

"Bado. Kwanza ilale."

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yake kazini. Saa aliyoitengeneza hakumpa mwenyewe mpaka ameiacha itembee mchana kutwa na usiku kucha mbele ya macho yake. Aliita kuilaza. Ni desturi nzuri kwa saa. Aliunganisha spika, akawasha, akafungua sauti hadi mwisho bila kuweka wimbo, akapanga juu yake saa za wateja alizokuwa akizilaza pia, kwa kuwa rafu haikuwa na nafasi nyingine. Kisha akaenda zake kibandani kutengeneza saa. Hakujua kwamba ameacha mdomo wazi ndani ya nyumba yake.

Chiriku aliporudi shule alikuta kitu kile kimewaka peke yake, kimya, akakionea huruma. Akakaa sakafuni mbele ya spika, akaanza kuimba.

"Unamwimbia nani?" mama yake aliuliza kutoka kwenye cherehani.

"Hii hapa. Inanisikiliza, mama."

Mama akacheka, akaendelea kushona. Wimbo ulipokatika katikati alidhani mtoto amechoka.

Fundi Saa alirudi jua likiwa bado halijazama. Mlangoni alikutana na harufu ya chuma kilicholowa, na chini yake marashi ya zamani, ya mtu aliyepambwa kwa ajili ya kuzikwa. Alikwenda kwenye rafu kuzitazama saa zake. Mishale ilikuwa inatembea, lakini hakusikia kitu. Alichukua moja akaiweka sikioni. Ikawa kama ameweka jiwe. Akachukua nyingine. Ndipo alipoinama, bila kujua kwa nini, akalisogeza sikio kwenye spika, na humo ndani, mbali sana, kama zilizotupwa kisimani, akazisikia zote zikigonga, tiki juu ya tiki, na nyuma yake feni moja ikilia kwii, kwii.

Aligeuka amwite mkewe, akamwona Chiriku anamkimbilia mikono imefunguka. Midomo ya mtoto ikasema shikamoo baba. Haikutoka sauti. Mtoto akarudia, akatazama mama, akatazama baba, akacheka akidhani wanamfanyia mchezo, na kile kicheko kisicho na sauti ndicho kilichomfanya mama yake aangushe mkasi.

Daktari alimulika koo, akasema ni zima. Walichomoa waya ukutani. Taa nyekundu haikuzimika. Siku ya pili, mchana kweupe, spika zikaanza kuimba. Ulikuwa wimbo wa Chiriku, kuanzia pale alipokatizwa, na sauti ilikuwa safi kiasi kwamba ungesikia mate yakimezwa. Chiriku alikuwa amekaa mezani na bakuli la uji, midomo imefumba, machozi yanadondokea humo.

Wakamwita shangazi yake mkewe. Alikuwa mkunga mstaafu, mkali kama pilipili, na watu walimwendea kwa mambo ambayo hospitali haina dawa yake. Aliingia na kikapu cha sokoni, karoti zimechomoza, akanusa mara moja tu, akakiweka kikapu chini.

"Nani aliliacha hili wazi?" akanong'ona.

"Mimi, Shangazi," akasema Fundi Saa. "Nilililaza. Nilikuwa nalijaribu."

"Ulimkaribisha, mwanangu. Huyu aliyemo humu kaumbwa bila sauti. Hanyang'anyi, anapokea tu anachopewa. Mtoto alimwimbia, akapokea. Sasa nisikilizeni. Nitasema naye kwa mkono na kwa moshi. Ninyi msimjibu. Aseme nini, aseme kwa sauti ya nani, msimjibu."

Alifunga madirisha, akawasha vitu vyake kwenye kigae, akaanza kugonga sakafu kwa kiganja, taratibu. Moshi ulipanda, halafu, badala ya kusambaa, ukainama kuelekea spika ukaingia humo kama uzi unaovutwa, na sebule ikawa baridi, na kile kiganja kikawa kinagonga sakafu lakini mlio wake hausikiki tena, na katika kimya hicho ambacho Fundi Saa alikuwa amekipenda dukani, binti yake aliyesimama kando yake ameshika shati lake akaongea kutoka upande wa pili wa chumba.

"Nikirudisha," ilisema sauti ya Chiriku, kwa upole, kama mtoto anayeomba asinyang'anywe mdoli, "mimi nitabaki na nini?"

Shangazi alitikisa kichwa kwa nguvu. Mke akajiziba mdomo kwa mikono miwili. Lakini Fundi Saa alikuwa anahisi vidole vidogo viking'ang'ania shati lake, na alikuwa baba, na kosa lilikuwa lake, na neno likamtoka kabla hajalishika.

"Chukua yangu! Chukua yangu, mrudishie mtoto!"

Taa nyekundu ilififia, ikawaka. "Asante," ilisema spika, kwa sauti ya mwanamume, kavu kidogo, ya mtu anayeshinda ameinama juu ya saa. Kisha ikasema asante tena, kwa sauti ya Chiriku. Zote mbili zilikuwa mle.

Shangazi alilia. Hakuna aliyewahi kumwona akilia. Alikusanya vitu vyake na kumvuta mke wa Fundi Saa hadi uani, akamwambia kwa kunong'ona: "Sina tena la kufanya, mwanangu. Msilivunje, mkilivunja vilivyomo vinamwagika. Msilitupe, ataliokota mwingine na sauti ya mwanao itaondoka naye. Ila wewe bado una yako. Usimjibu." Alisahau kikapu chake, na hakurudi kukichukua.

Basi wakaishi hivyo. Mke alihamishia cherehani uani, akawa anaongea huko tu, na majirani. Ndani walisemeshana kwa mikono. Fundi Saa aliendelea na kibanda. Wateja walimwonyesha saa, yeye aliwaonyesha bei kwa vidole. Chiriku alikoma hata kuchezesha midomo. Alikonda. Akitoka shule alikaa kizingitini, mgongo umeelekea sebule, akisikiliza anavyoimba. Na spika zile za marehemu baba ziliimba vizuri, Mungu anisamehe, vizuri kuliko redio yoyote mtaani. Wapita njia walisimama dirishani kuuliza ni amplifaya gani hiyo.

Alasiri moja, Fundi Saa akiwa ndani nyuma ya meza ya chakula, mvua ilishuka ghafla. Mke aliingia mbio, kakumbatia vitambaa vya watu, na akiwa katikati ya sebule wimbo ulikoma.

"Mama."

Haikuwa sauti ya kuimba. Ilikuwa ile ya mtoto aliyeamka na homa. Chiriku mwenyewe alikuwa kizingitini, amegeuka, midomo imefumba, anatikisa kichwa hapana, hapana.

"Mama, huku kuna giza. Mama, uko wapi? Mbona huniitikii?"

Fundi Saa aliuona uso wa mkewe ukilegea, akaona vitambaa vikimponyoka kimoja kimoja, akajua kwamba tangu siku ile hakuna aliyemwita mama, kwamba amelala na neno hilo na kuamka nalo na kulishona kwenye kila pindo, akaruka juu ya meza kumfikia, akafungua kinywa na kupiga ukelele kwa nguvu zote za kifua chake, ukelele ambao haukumtoka, na mkewe, mgongo umemgeukia, akalipigia magoti lile tofali la chuma.

"Nipo," akasema. "Nipo hapa, mwanangu."

Neno la kwanza lilitoka kinywani mwake. Yaliyofuata yalitokea kwenye spika.