Mnunuzi wa Kufuli

Haya niliyaona mwenyewe, nikichungulia dirishani, na macho yangu hayajawahi kuhitaji miwani. Rafiki yangu, tunayemwita Bwana Linki, alikuwa akitangaza kufuli za kampuni moja mtandaoni ili apate kamisheni. Kama siku hiyo asingeuza hata moja, wangemfuta kazi. Kwa haraka zake akakosea: badala ya kulielekeza tangazo mji mzima, akalielekeza nyumbani kwake tu, anakoishi peke yake.

Ilikuwa mchana, lakini mvua ilikuwa imetia giza ndani. Akafungua ripoti: tangazo limeonwa na watu wawili.

"Mmoja ni wewe, kaka," dada yake akamcheka kwenye simu. "Wa pili ni panya?"

"Panya gani ana simu, we naye!"

Hapo hapo oda ikaingia. Bwana Linki akaruka kwa furaha, kisha akasoma maelezo ya mnunuzi: "Nataka ya kufungia kwa ndani. Niletee chumba cha nyuma." Huko gizani simu nyingine ikatetemeka sakafuni, mara ikanyamaza, kama iliyofunikwa kwa kiganja.

Basi nikiri: hicho chumba cha nyuma tu ndicho nilichokitia mimi kwenye hadithi, msiogope sana. Nyumba yake ina chumba kimoja tu.