Maneno Yaliyopotea Kati ya Irbid na Muscat

"Mwanangu kasema humtaki. Nimekuja tuachane kwa heshima."

Rawan alibaki kasimama mlangoni na birika la kahawa mkononi. Mama Muhannad, mama wa mchumba wake, alikuwa amekunja uso kama aliyekuja msibani.

"Nani kasema simtaki?"

"Wewe mwenyewe, jana kwenye simu. Umemwambia 'sitaki harusi', halafu ukamkatia."

"Sijamkatia mtu, mama. Pita ndani unywe kahawa. Nikishindwa kukuonyesha ukweli, ondoka na pete yenu."

Rawan alikuwa fundi wa mitandao. Nusu ya ofisi za mji wa Irbid, Jordan, zilimwita yeye zikikwama. Muhannad alikuwa mhasibu kule Muscat, Oman, na siku za karibuni simu zao za video zilikuwa zinameza maneno.

Rawan akamtumia Muhannad meseji: "Kabla hujaniacha, washa kompyuta."

Jibu likaja: "Usinichezee, Rawan. Nimesikia kwa masikio yangu."

"Umesikia nusu. Washa!" Akawasha, simu ya video ikaunganika.

Rawan akamgeukia mama mkwe. "Sauti inasafiri vipandevipande. Natuma vipande mpaka kwenye rauta yetu, kile kisanduku cha intaneti, naangalia kama vyote vinarudi."

Vyote vilirudi. Akatuma tena, mpaka nje kabisa ya nchi. Vyote vikarudi.

"Kwangu hakuna tatizo. Muhannad, zamu yako. Tuma kwenye rauta yako hapo hapo chumbani."

Picha yake iliganda, mdomo wazi. Kisha ikaingia meseji: "Theluthi ya vipande inapotea."

"Inapotea humo humo ndani kwako! Fuata waya, umepita wapi?"

"Umebanwa na mguu wa kabati."

"Kabati gani?"

"La nguo. Jipya. Nilikununulia wewe."

Mama Muhannad alipaliwa na kahawa kwa kicheko.

Muhannad alibadilisha waya. Mara uso wake ukatokea, safi, masikio yamekuwa mekundu kwa haya.

"Jana ulisemaje?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Nilisema sitaki harusi ya hotelini. Nataka ya juu ya paa la nyumba yetu, mama yangu apige vigelegele mtaa mzima usikie."

"Ya Rabi! Nisamehe, roho yangu."

"Kuomba msamaha tu hakutoshi. Siku nyingine usiposikia, niulize mimi. Usinitumie mama."

"Sirudii. Naapa."

"Na mimi je?" alifoka Mama Muhannad. "Umenipandisha teksi na jua lote hili! Ukifika hapa nitakuchapa kwanza, ndipo uoe!"

"Nichape, mama. Ila pete usiichukue."

"Nani kasema naichukua?" Akamvuta Rawan, akambusu mashavu yote mawili.

Muhannad alirudi mwezi wa nane. Masinia ya mansafu, wali na nyama ya kondoo, yalipandishwa ngazi mpaka juu ya paa, ngoma ikalia, na Mama Muhannad ndiye aliyeongoza mstari wa dabke, dansi ya kushikana mikono, kashika mkono wa mkwewe. Hakuuachia mpaka wapigaji walipochoka.