Njia ya Bibi

Kila asubuhi Bibi alikaa kibarazani kwenye kiti chake cha magurudumu, akitaniana na wapita njia. Miguu yake ilikuwa imepooza. Kushuka uani kulikuwa mpaka abebwe, na hilo hakulipenda. "Mimi si gunia," alisema.

Baba, ambaye ni fundi mwashi, akamjengea mamake njia ya zege yenye mteremko. Bibi akashushwa uani, akajaribu kuipanda. Kiti kikaserereka kinyumenyume! Bahati nzuri mjukuu wake alikuwa nyuma, akakidaka. Huyu walimwita Kasuku kwa jinsi alivyokariri masomo.

"Pole, mama," baba alisema.

"Umenijengea njia au umenichimbia kaburi?"

Toka hapo Bibi akajifungia chumbani. Hata utani ukaisha.

Jambo hilo lilimchoma Kasuku moyo. Akamwita jirani yao, dada aliyewafanyisha wagonjwa mazoezi ya viungo hospitalini.

"Imesimama mno, kaka," jirani alimwambia baba. "Kimo kikiwa kimoja, urefu uwe kumi na mbili."

"Uwiano!" Kasuku alimaka. "Moja kwa kumi na mbili! Shuleni mimi hukokotoa tu nipate vema, basi."

"Leo kokotoa Bibi atoke nje," jirani alimwambia.

Kasuku akashika tepu. Kutoka chini hadi kibarazani: sentimita thelathini. Akazidisha kwa kumi na mbili, akapata mia tatu na sitini.

"Mita tatu na nusu na ushei!" Baba akashika kiuno. "Kutoka hapa hadi langoni hata tatu hazifiki. Nimshushie mama barabarani?"

Kasuku akaizunguka nyumba kwa macho. "Kwani lazima ielekee langoni, baba? Ipite kando ya ukuta. Huko nafasi tele."

"Umenena," jirani alisema. "Ila juu muache mahali tambarare, kiti kigeuke bila kurudi nyuma."

Kubomoa kazi ya mkono wako kunauma kama kung'oa jino. Baba alibomoa, akajenga upya. Zege lilipokomaa, walimbembeleza Bibi hadi akakubali kutoka.

"Asinisukume mtu," alionya.

Akashuka polepole. Akageuka, akapanda kwa nguvu za mikono yake. Kasuku alimfuata amenyoosha mikono, lakini hakukuwa na cha kudaka.

Jioni walimkosa chumbani. Wakamkuta kwa jirani, anacheka hadi machozi.

"Mnanitafutia nini?" aliwauliza. "Chakula kikiiva, mniite."