Ndoo Nyuma ya Jiko

Kila kiangazi, samaki wa samoni wanapopanda mto wetu huku kaskazini ya mbali, Bibi Arnaq huvundika vichwa vyao. Huchimba shimo katika ardhi baridi, hulitandika nyasi, hupanga vichwa, kisha huvifunika kwa nyasi na udongo. Mwaka mmoja magoti yalimgomea. Kazi ikamwangukia mkwewe, Paniguaq.

Paniguaq hakuchimba. Alivitia vichwa katika ndoo ya plastiki, akakaza mfuniko, akaiweka nyuma ya jiko, penye joto, ili viive upesi. Mumewe, Angalgaq, alikuwa karibu kurudi kutoka baharini kuwinda sili, wanyama wa maji ya baridi.

"Mama, wiki moja tu, vimeiva!" alisema Paniguaq siku mumewe aliporudi.

"Kuleni wenyewe," Bibi alijibu. "Mimi nala vya shimoni tu."

"Huo ni wivu, Mama," alicheka Angalgaq. "Umepata mshindani!"

Akala vichwa viwili. Paniguaq alikuwa bado anamwandalia, hajaonja.

Asubuhi iliyofuata Angalgaq alimtazama mkewe kwa muda mrefu.

"Mbona mko wawili?"

"Umeamkia utani leo."

"Si utani. Nawaona wawili."

Kope zake zilikuwa zimelegea. Alijaribu kunywa chai, ikashindwa kupita kooni. Paniguaq akakimbia kwa jirani yao Iraluq, mhudumu wa afya wa kijiji.

Iraluq alimchunguza mgonjwa macho, akaiona ndoo, akauliza nani mwingine amekula. Hakuna. Papo hapo akapiga simu hospitali ya mjini ili ndege ndogo ije.

"Lakini nilivinusa, dada!" Paniguaq alisema walipokuwa wakingoja. "Vilinuka vilevile kama vya Mama."

"Sumu hii haina harufu wala ladha, mdogo wangu. Udongoni, hata ndani ya samaki, kuna bakteria waliolala ndani ya ganda gumu, kama mbegu. Penye hewa hawaamki. Wewe umewafungia hewa nje, ukawapa na joto la jiko. Wakaamka, wakala, wakazaana. Wakiwa katika hali hiyo hutengeneza sumu ndani ya miili yao, kisha huitoa nje, kwenye chakula."

"Kwa hiyo bakteria ndio wanaomlegeza?"

"Ni sumu waliyoitoa. Inazuia amri za mishipa ya fahamu zisifike kwenye misuli. Huanza na macho, hushuka kooni, mwisho kifuani."

"Kifuani?"

"Ndiyo maana nimeita ndege."

Hospitalini Angalgaq alipewa dawa ya kuinasa sumu iliyokuwa bado damuni. Ile iliyokwisha kushika mishipa ya fahamu ilihitaji muda kuisha. Kwa siku tisa mashine ilimsaidia kupumua. Alirudi nyumbani amekonda, akitembea taratibu.

"Sivundiki tena maishani," Paniguaq alisema.

"Utavundika," alisema Bibi. "Nitakusimamia mwenyewe."

Iraluq aliongeza sharti. "Shimo baridi hupunguza hatari, Bibi, lakini haliimalizi. Kabla ya kula, vichemsheni dakika kumi kamili. Moto huiharibu sumu hii."

"Vichwa vya kuvundika vichemshwe? Basi si tunywe supu tu!"

"Chemsha, Mama," Angalgaq alisema polepole. "Nimepumuliwa na mashine. Sasa najua raha ya kupumua mwenyewe."

"Dakika kumi, si zaidi," alisema Bibi.

Kiangazi kilichofuata Paniguaq alinawa mikono, akachimba shimo mahali penye kivuli. Bibi aliigeuza ile ndoo juu chini, akaikalia.

"Ongeza nyasi! Hapo pamebaki wazi."

Vichwa vilipoiva, vilichemka jikoni huku Bibi akiitazama saa ya ukutani kwa kinyongo. Safari hii walikula wote watatu.

Asubuhi Bibi ndiye aliyeamka wa kwanza. Akasimama mlangoni mwa chumba cha mwanawe.

"Nyinyi! Mnaniona wangapi?"

"Mmoja, Mama," alijibu Angalgaq kutoka kitandani. "Ila kelele ni za wawili."