Kitufe cha Chini

Jumamosi ile ilianza vizuri tu, na hilo ndilo linaloniuma. Nilikuwa nimemuogesha mtoto, nimempaka mafuta, nimemvalisha gauni lake la njano, miezi saba imetimia, tukaenda studio kwa baba yake apigwe picha. Studio yenyewe ni chumba kimoja: pazia jeupe, taa mbili, meza, kigoda.

Mume wangu hupiga picha nyingi za wima, na kila akiisimamisha kamera kiwiko kilibaki juu kama mwanafunzi anayeomba ruhusa ya kutoka. Mkono ulikuwa unamuuma mpaka hapati usingizi. Ndiyo maana siku chache kabla ya hapo akanunua kishikio cha betri, kilichotumika, kwa fundi wa kamera. Kinafungwa chini ya kamera, kinabeba betri mbili, na kina kitufe chake cha kupigia, kwa hiyo ukiisimamisha kamera mkono unatulia.

"Shemeji, umepumzika," fundi alinitania. "Kazi ya kumsugua mtu dawa usiku imekwisha."

Nikacheka. Mimi huyo.

Basi, Jumamosi ile nikamkalisha mtoto kigodani, nikarudi mlangoni. Mume wangu akapiga moja, wima, akaangalia skrini, akakunja uso.

"Mama Kidoti, toa mkono wako kwenye picha."

"Mkono gani? Mimi niko huku."

Akanionyesha. Begani kwa mtoto palikuwa na vidole. Virefu, vya kijivu.

Akailaza kamera, akapiga kwa kitufe cha juu. Mtoto peke yake. Akaisimamisha, akapiga kwa kitufe cha chini. Vidole vilikuwa vimeshuka kwapani, na nyuma ya mtoto kulikuwa na mtu ameinama.

"Ni ubovu tu," akasema, lakini kwa kunong'ona. Ubovu gani wa kunong'onewa?

Nikaanza kumfuata mwanangu. Hapo hapo kitufe cha chini kikalia. Kina swichi ya kukifunga kisibonyezeke, na mume wangu huisahau kila siku, kiganja kinakibonyeza bila yeye kujua. Ila safari hii alikuwa ameshaiweka kamera mezani, haijaguswa na mtu.

Kacha.

Mtoto akainuka. Upana wa kidole tu juu ya kigoda. Gauni limejikunja kwapani, naye anacheka, anaangalia juu.

Nikamrukia, nikamkumbatia. Mzito! Nikavuta. Nikavutwa. Visigino vikaburuzika sakafuni.

Kacha.

"Zima hiyo!"

"Nimetoa betri!" Kweli, zote mbili zilikuwa mkononi mwake.

Kacha. Mtoto akaacha kucheka.

"Swichi! Baba Kidoti, swichi!"

Akaisukuma kwa kidole gumba. Nikaanguka chali, mtoto kifuani, analia, na mimi nalia.

Tukakirudisha kile kishikio saa ile ile. Fundi akakifungua, akashangaa. Nyaya za kitufe cha chini zilikuwa zimekatwa, ncha zimeota kutu.

"Samahani, nimewauzia kibovu," akasema. "Sasa mmepigaje nacho?"

Mume wangu alichukua nyundo ya mezani akakisaga chote, mpaka unga, nami nikamshangilia. Tulipofika nyumbani ndipo nikakumbuka kwamba hata swichi ya kukifunga, ile iliyomwokoa mtoto, tumeisaga pamoja nacho.

Jioni nilipomvua mtoto nguo nikaziona alama. Kwapani, vidole vinne kila upande. Daktari akasema ni mzio, akatupa krimu. Mama yangu akasema nilimbana mwenyewe kwa papara. Nimeweka vidole vyangu juu ya alama zile. Havifiki hata nusu.

Sasa nalala nimejifunga naye kwa shuka, mafundo mawili. Mume wangu anakaa ameegemea ukuta, ananitazama tu, kwa sababu atafanya nini? Mimi nitafanya nini?

Jumanne alama zilikuwa mbavuni. Leo asubuhi nimezikuta kiunoni, kama za mtu anayebadilisha mshiko kabla ya kunyanyua.