Waungwana wa Kambi ya Mininga

Zama zile ambapo njia ya kutoka Saadani hadi Unyanyembe ilikanyagwa na nyayo nyingi hata nyasi zikakata tamaa ya kuota, alikuwako huko Ulindwa, upande wa machweo wa Unyamwezi, mtemi aliyeitwa Ndelema. Alikuwa na bunduki mia mbili, wake kumi na mmoja, na hofu moja: kwamba jirani zake wangemwingilia kabla ya masika. Akaamuru ijengwe ngome ya magogo ya mninga kuzunguka ikulu yake yote, kimo cha mtu aliyesimama juu ya mabega ya mwenziwe.

Wasifu wa watawala husema, "Ndelema alijenga ngome." Uongo mtupu! Ndelema hakukata hata ubua. Ngome ilijengwa na watu arobaini na mmoja waliotekwa njiani, na aliyewaongoza, ambaye ndiye pia aliyewaponza, aliitwa Semkuya.

Semkuya alikuwa Mzigua wa milima ya Nguu, mnyapara wa msafara uliobeba merikani, kaniki na shanga za samesame. Katika vivuko vya mto Igombe, rugaruga, askari wa Ndelema, wakachomoza majanini, vitambaa vyekundu vichwani, magobori mikononi. Jemadari wao, Ntinginya, mtu mwenye unyoya wa kanga sikioni na sauti ya debe, akauliza, "Nyinyi watu gani?"

Sasa tazama ujinga wa mwanadamu. Semkuya alikuwa amevaa kanzu mpya, na kofia aliyoinunua Saadani kwa mshahara wa miezi miwili. Kanzu ikamjibia. Akatoa kifua, akasema, "Sisi ni waungwana wa pwani."

"Ahaa! Waungwana!" Ntinginya akacheka. "Basi mmefika. Mtemi anatafuta mikono laini."

Laiti angesema "Wazigua", mambo yangekwisha pale pale! Maana Mzigua na Mnyamwezi ni watani. Wapagazi wao walizikana njiani miaka na miaka, hata ikawa sheria isiyoandikwa popote na inayojulikana kila mahali: mtani hauzwi, hafungwi, hapigwi. Atakutukania bibi yako nawe utacheka. Atachukua kuku wako nawe utamwongezea yai. Na siku ya msiba wako yeye ndiye atakayefanya mzaha kaburini, asiondoke mpaka apewe anachotaka. Ntinginya angewatukana, angewanyang'anya tumbaku, wangepita. Badala yake walifungwa kamba shingoni.

Siku ya tatu, alipoonyeshwa shoka, Semkuya alikumbuka asili yake. "Bwana Jemadari, sisi kwa kweli ni Wazigua."

Ntinginya akapiga paja. "Juzi mwungwana, leo Mzigua! Kesho utakuwa nani, Mwarabu? Kata mti!"

Wakakata. Kambi ya Mininga ilikuwa msituni, mwendo wa nusu asubuhi kutoka ikulu, na desturi yake ilikuwa moja: magogo matatu kwa watu wawili kila siku, yapimwe kwa ufito wa Ntinginya, kisha yaburutwe kwa kamba za magome ya miombo. Aliyetimiza alipewa kibaba cha unga. Aliyepungukiwa, nusu. Na aliyekosa kabisa alikula mjeledi, akashushia kwa maji ya mto.

Lakini mnyonge naye ana akili. Ntinginya alikuwa akiweka alama ya makaa kwenye kitako cha gogo lililokwisha hesabiwa. Mwenzi wa Semkuya, Mmanyema mmoja mnene aitwaye Lusuna, aliyebaki mnene kwa njia asizoeleza mtu, aligundua kwamba ukikata kitako kipande chembamba kama mkate, alama inaondoka na gogo linazaliwa upya.

"Gogo hili nalijua," Ntinginya alisema siku moja, akilitazama kwa shaka.

"Ni ndugu yake, Bwana Jemadari," Lusuna akajibu. "Mama yao mmoja. Hata mimi wananichanganya."

Kambi nzima ikabana kicheko, na kwa wiki tatu kila mtu alikula kibaba kamili. Usidhani waliofungwa hawacheki. Wanacheka kuliko waliowafunga, kwa kuwa kicheko ndicho chakula pekee kisichopimwa kwa ufito.

Hata hivyo, mwezi wa nane wa kazi hiyo ulipoingia, kicheko kilianza kukauka. Ngome ilibakiwa na pengo la kazi ya mwezi mmoja tu, na Ntinginya hakuficha mwisho wake. "Pengo likizibwa, kazi yenu imekwisha. Mtapelekwa Ujiji mkabadilishwe kwa baruti." Tangu hapo kila mti ulioanguka ulimwangukia Semkuya moyoni. Watu arobaini waliuzwa kwa neno lake moja, na hakuna aliyemlaumu. Hilo ndilo lililomuuma kuliko mjeledi.

Asubuhi moja mninga ulianguka vibaya, ukamparuza ugoko. Akatukana kwa Kizigua, tusi refu lenye mikia mitatu. Nyuma yake akasikia mtu akikohoa kwa kucheka.

Alikuwa ajuza mfupi aliyejifunga kaniki, kiko mdomoni, kibuyu mkononi, amekuja kukinga ule utomvu mwekundu wa mninga ambao ni dawa ya macho. Ntinginya na rugaruga wake wote waliinama. Huyo alikuwa Nyanzobe, shangazi yake Mtemi, ambaye ujanani alimfuata mumewe, mbeba pembe, mpaka Saadani akarudi.

"Tusi hilo," akasema kwa Kizigua kilichochakaa, "mara ya mwisho nililisikia kwa Mzigua aliyeniibia kuku. Kenge we! Ni ndugu yako?"

Semkuya akamtazama. Kumjibu vibaya shangazi wa mtemi ni kifo. Kumjibu vizuri ni kukana asili mara ya pili.

"Alikuwa mjomba wangu, Bibi. Na kuku wako alikuwa amekonda kama wewe. Alimla akajuta mpaka akafa."

Rugaruga wawili wakainua bunduki. Nyanzobe akacheka mpaka kiko kikaanguka. Kisha akaenda moja kwa moja, akachukua kibaba cha unga wa Semkuya, posho yake ya siku nzima, akajitwisha, akaondoka bila kuaga. Na Semkuya, tumbo linamnguruma, akampigia makofi! Lusuna alidhani mwenzake ameingiwa na wazimu.

Kesho yake ajuza alirudi na wajakazi wanne, wamebeba vyungu vya kunde na beberu mzima aliyechomwa. Siku hiyo Kambi ya Mininga ilikula hata mikanda ikalegea.

Jioni hiyo hiyo Nyanzobe akamkabili Mtemi barazani. "Mwanangu, umewafunga watani wetu."

"Shangazi, wao wenyewe walisema ni waungwana."

"Mtu akivaa kanzu mpya husema mengi. Huo ni upumbavu, na upumbavu haufungiwi kamba."

"Mwenye njaa huukumbuka ukoo wowote wenye chakula," Mtemi akajibu. "Siwezi kuacha ngome wazi kwa ajili ya tusi."

Ajuza akanyanyuka, akagonga fimbo chini mara moja mbele ya wazee wote. "Basi sikieni. Nikifa, watani wangu ni hao. Wasipokuja, nisizikwe!"

Mwezi ulipoandama akafa, amelala kwenye ngozi yake, kiko bado kina joto. Alikuwa ameona vitukuu, na kila jino lake lilikwisha tangulia. Kifo kama hicho Wanyamwezi hawakililii sana; hukipigia ngoma. Kaburi likachimbwa zizini, ng'ombe mweusi akachunwa ngozi ya kumviringishia. Lakini ngoma zilipigwa hadi jua likawa utosini na hakuna aliyethubutu kumteremsha. Wazee walikohoa, wakatazama chini. Mwisho Mtemi akatuma watu msituni.

Semkuya aliletwa, na wenzake wote nyuma yake, jasho na vumbi la magome mwilini. Mtemi Ndelema aliketi kwenye kigoda cha mpingo, kibangwa, ile kombe nyeupe ya utemi, kiking'aa kwenye paji la uso. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Shangazi yangu alisema wewe ni mtani," akasema. "Haya. Ukiwa mtani, fanya ya mtani. Ukiwa mwongo, Shangazi hatakwenda peke yake."

Ntinginya akatabasamu, akashindilia gobori lake.

Hapo Semkuya akajua jambo la kutisha. Utani hauthibitishwi kwa kiapo. Mwongo angeapa, angeomba, angepiga magoti. Mtani angetukana. Na magoti yake, yaliyofundishwa na mjeledi miezi minane, yalikuwa tayari yanainama yenyewe! Akayakaza, akijikasirikia. Akamwendea Ntinginya, akamchomoa kiko alichokuwa akivuta, akakitia mdomoni mwake. Kisha akapinda mgongo, akatembea kizee kuzunguka zizi, kidevu mbele, mkono kiunoni, vile vile kama Nyanzobe alivyotembea.

Akafika ukingoni mwa kaburi, akachungulia, akaguna. "Shimo gani hili? Mmemchimbia Bibi au mmefukua panya?" Akaruka ndani, akajilaza, akakunja mikono kifuani. Sauti yake ikatoka ardhini. "Pazuri humu! Bibi atafute kwingine. Ewe Ndelema! Unalia nini? Huyu mwizi alikula unga wangu kibaba kizima, na bado hajanilipa, sasa anajidai amekufa!"

Mwanamke mmoja mzee, nyuma kabisa, akaachia kicheko. Akafunika mdomo, lakini kilikwisha toka. Wa pili akafuata. Kisha zizi zima likapasuka, vigelegele, ngoma, watu wakishikana mbavu. Mtemi aliuma mdomo, mashavu yakatetemeka, na machozi yaliyomtoka sasa hayakuwa yale ya mwanzo.

"Toka, mbwa wa Kizigua!" akasema, na kwa neno hilo kila mtu alijua kwamba amemkubali. "Chukua jembe liwe ada yako, utoke."

"Jembe? Nimeshika shoka lako miezi minane, nimeshiba vyuma."

"Doti mbili za kaniki."

"Mvike Ntinginya, anaona baridi."

"Mbuzi! Mbuzi wawili!"

"Wanyonyeshe mwenyewe."

Vicheko vikazidi. Mtemi akasimama, akasogea ukingoni. Akasema kwa sauti ya chini, bila mzaha, "Nimekuelewa. Toka, uende zako. Leo hii, na chakula cha njia, na mtu wa kukusindikiza."

Lo! Mlango huo hapo, wazi. Mbingu ilikuwa juu yake kama kitambaa cha buluu, na milima ya Nguu ilikuwa mwendo wa miezi miwili tu. Semkuya akaushika ukingo wa shimo kwa mikono miwili, kisha akauachia. Wapo wakubwa wengi, wa zamani na wa sasa, waliotoka mashimoni kwa bei hiyo hiyo, na vitabu vinawaita wenye busara.

"Mtemi," akasema, "mimi nikitoka, kaburi litabaki na watu arobaini ndani. Bibi atalala wapi?"

"Hao si Wazigua wote!" Ntinginya akafoka. "Yule mnene ni Mmanyema, namjua!"

Lusuna akapiga hatua mbele, uso mkavu. "Nani, mimi? Mzigua mtupu, baba na mama!"

"Sema neno la Kizigua."

Lusuna hakujua Kizigua ila kitu kimoja, lile tusi lenye mikia mitatu. Akalitoa lote, kwa sauti kuu, akimtazama Ntinginya usoni. Kutoka kaburini Semkuya akaitikia, "Huyo ni binamu yangu kabisa!"

Mtemi Ndelema akashika tumbo. Alicheka mpaka kibangwa kikamteremka puani, akaketi chini kwenye samadi kama mtoto. Alipopata pumzi akapunga mkono. "Watoke! Wote watoke! Wazigua wote arobaini na mmoja, na laana ya Shangazi iwafuate. Haya, niachieni kaburi langu!"

Basi Nyanzobe akazikwa kwa heshima, na watani wake ndio waliomteremsha taratibu, wakamwagia udongo wa kwanza, na Semkuya akalia kweli, maana alimpenda. Kisha ngoma ikachezwa, pombe ya mtama ikanywewa, na kesho yake, jua likiwa limechomoza vizuri, wakatoka kupitia lile pengo, ambalo sasa lilibakiza magogo thelathini, wakiimba.

Ngome haikuzibwa kamwe, kwa kukosa wakataji. Masika ikaja, na jirani zake Mtemi hawakuja. Yaani hofu ile, miti ile, migongo ile, yote ilikuwa bure. Na bado waimbaji wa ikulu wakamtungia Ndelema sifa kwa ajili ya ukuta wake. Waimbe. Magogo yaliliwa na mchwa. Majina arobaini na moja yalifika nyumbani kwa miguu.

Lakini turudi asubuhi ile ya kuondoka: walikuwa hawajafika bondeni waliposikia kelele nyuma. Mtemi mwenyewe alikuwa amepanda juu ya magogo, mikono kinywani.

"Semkuyaaa! Kigoda changu kiko wapi?"

Lusuna, kigoda cha mpingo kichwani, akaongeza mwendo. Semkuya akageuka.

"Utakidai kwenye matanga yangu!"

"Nitakuja!" Mtemi akapaza sauti. "Wallahi nitakuja, na shimoni nitalala mimi!"