Wako Pia, Bwana

"Peso mia sita? Casimiro, nimekuomba unipeleke mlimani, sijakuomba uninunulie mlima!"

"Mia sita, shemeji. Na mafuta juu yako."

"Wezi wa sokoni wana huruma kuliko wewe."

"Basi waambie wezi wakupeleke."

Jua lilikuwa linazama. Hermelinda alikuwa amepiga magoti uani, akifunga mzigo wa safari: blanketi, kamba, mishumaa, sufuria ya kuku wa mchuzi mweusi wa pilipili, na koti la mwanawe, Nabor. Nabor alipanda kutafuta uyoga mvua zilipoanza, na hakushuka. Walinzi wa hifadhi ya mlima walimtafuta, wakachoka, wakaja kumpa mama yake pole. Akawafungia mlango. Pole ni ya maiti, na yeye maiti hakuonyeshwa.

Kesho alikuwa anapanda mwenyewe. Ruhusa ya kuingia hifadhini alikwisha kuipata, kwa kukaa kwenye benchi la ofisi yao mpaka wakaona haya kumtazama. Kilichobaki ni gari. Na gari la kuufikia mwisho wa barabara lilikuwa moja tu, la huyu Casimiro, mdogo wa marehemu mumewe.

"Gari zuri," akasema Hermelinda, akiinuka na kulipiga ubavuni kofi kama anayempiga punda. "Tatizo lina mwenyewe bahili."

"Gari ni lako, shemeji," Casimiro akajibu bila kufikiri.

Hermelinda akanyoosha mkono. "Kama ni langu, lete ufunguo."

"Aa! Hayo maneno ya adabu tu, usiyashike."

Kwao Amecameca, mji ulio chini ya mlima ule, ndivyo watu walivyolelewa. Ukisifu kofia ya mtu, atakwambia ni yako. Ukimuuliza anakaa wapi, atakuelekeza, "Nyumbani kwako, nyuma ya kanisa," na maana yake ni nyumbani kwake. Hakuna mwenye akili zake aliyewahi kuondoka na kofia.

Casimiro akashusha sauti. "Unajua kwa nini nimetaja mia sita? Nilitaka zikushinde. Mlima unatoa moshi, shemeji. Don Goyo hataki wageni."

Don Goyo, yaani Bwana Goyo, ni mlima wenyewe. Watu wanauita hivyo kama vile ni jirani mwenye shamba lake, na wapo wanaoapa kuwa hushuka mjini kwa miguu, mzee wa watu, kuomba maji.

"Hataki wageni, lakini mwanangu hakumkataa."

"Angalau huyo kuku ni sadaka yake?"

"Kuku ni wa Nabor. Mwizi hapikiwi. Alfajiri uwe hapa, na mia sita zako utazipata. Haya, nenda!"

Akaenda. Mngurumo wa gari ukafifia kwenye kona.

Mbwa wa jirani alikuwa akibweka. Akanyamaza... katikati ya mbweko.

Kisha ikaja harufu. Kiberiti. Mawe yaliyolowa.

"Hodi, mama."

Mzee alikuwa amesimama ndani ya geti. Geti lile hulia likifunguliwa, na halikulia. Mabegani alikuwa na majivu. Kofia yake ya majani ilikuwa inachuruzika maji.

Tone... tone... tone...

Mvua haikuwa imenyesha siku nzima.

"Nipe cha moto ninywe. Nimetoka mbali."

Mgeni hafukuzwi. Hermelinda alimletea kikombe cha uji wa mahindi uliokwisha kupoa kidogo. Mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda cha Nabor. Akakipokea kikombe kwa mikono miwili, akakitazama, na uji ukaanza kuchemka.

"Usijisumbue kesho," akasema. "Barabara mbaya. Nabor hajambo. Ananichungia mawingu."

Hofu ilikuwa njiani. Lakini hasira ilikuwa inakaa karibu zaidi, ikafika kwanza.

"Nani alikupa mwanangu?"

"Wewe."

"Mwongo!"

"Sokoni. Ulikuwa unauza maharage. Mtoto amekaa juu ya gunia, anatafuna tufaha. Nikasema, mtoto mzuri, ni wako? Ukanijibuje?"

Hermelinda akakumbuka. Jua kali, na mzee mmoja aliyelowa kofia. Alimcheka moyoni, akadhani katoka kunawa kisimani. Akamjibu kama anavyojibu mama yeyote aliyefunzwa na mama yake.

*Wangu, na wako pia, bwana.*

"Nikakuachia akue," mzee akanong'ona. "Kisha nikaja kuchukua changu."

"Ile ilikuwa adabu! Ni maneno ya mdomoni!"

"Mimi ulimi wangu ni mmoja, mama. Kilichosemwa kimesemwa."

Akanywa uji ule unaochemka mpaka tone la mwisho. Akainuka. Akatazama kuta, akatazama paa, akautazama mpea uliopandwa na marehemu.

"Nyumba nzuri."

Hermelinda akafungua kinywa. Jibu lilikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi, lile alilofundishwa kabla hajajua kufunga viatu...

Akajiuma ulimi. Akasikia ladha ya damu.

Mzee akangoja. Tone... tone...

"Nyumba nzuri sana, mama."

"Ni yangu."

Uani pale neno hilo halikuwahi kusemwa hivyo, kavu, mbele ya mgeni. Lilisikika kama tusi. Ardhi ikanguruma chini ya miguu yao, kama tumbo la mwenye njaa, na vikombe jikoni vikagongana. Hermelinda hakurudi nyuma hata kidogo. Aliyatazama macho ya mzee, mekundu kwa ndani kama makaa, na wazo likamjia. Akalainisha sauti.

"Na wewe, mzee wangu. Unakaa wapi?"

Alikuwa mzee wa zamani, mwenye adabu za zamani. Alivua kofia, akaelekeza kule juu, moshi ulikokuwa unapanda mwekundu kwa jua la mwisho.

"Kule, mama... nyumbani kwako."



"Rudia," Hermelinda akanong'ona.

Hakurudia. Mdomo ulimbakia wazi, kama mtu aliyemeza nzi. Upepo ukapita uani, na Hermelinda alipopikicha macho aliona kigoda hakina mtu, kimejaa majivu. Mbwa wa jirani akaumalizia mbweko wake.

Alfajiri Casimiro alikuja, uso kama wa aliyefiwa. Wakapanda. Waliacha mashamba, wakaingia kwenye misonobari, na bado hakutaja pesa.

"Leo huzitaki mia sita?"

"Shemeji... jana nilipotoka kwako nilikutana na mzee pale kwenye kona. Kofia imelowa chapachapa. Akasema, gari zuri."

"Ukamjibuje?"

Casimiro aliinua mikono yake yote miwili kutoka kwenye usukani. Usukani ukaendelea kukata kona wenyewe.

"Nilijibu kama mtu aliyelelewa," akasema, na machozi yakamtoka.

Kizuizi cha hifadhi kilikuwa kimeinuliwa. Kibandani kwa mlinzi hapakuwa na mtu, redio tu ikikoroma. Gari lilipita pale wageni wote wanaporudishwa, likapanda mpaka miti ilipoisha na mchanga mweusi ulipoanza. Hapo likajizima.

Casimiro akavuta kitasa cha mlango wake. Hakikufunguka. Akavuta tena.

"Tulia," Hermelinda akamwambia. "Mtu yeyote akija, akisifu chochote... shati, viatu, meno yako... usimjibu. Umenisikia? Leo kuwa mshenzi."

Mlango wa upande wa Hermelinda ulifunguka. Akashuka na koti mkononi. Ukungu ulikuwa mzito, unanuka kiberiti. Mchanga ulikuwa wa moto chini ya viatu, na kutoka mahali fulani ndani ya ukungu alisikia hatua. Nyepesi. Za kijana.

"Mama?"

Sauti ilikuwa ya Nabor. Ile ile, na mkwaruzo wake wa kifua.

Miguu ilitaka kukimbia kumwendea. Akaizuia.

"Mama... umeniletea koti?" Hatua zikasimama. Kisha sauti ikasema polepole, kwa adabu:

"Koti zuri."

Tone... tone...

Hermelinda alilikumbatia lile koti kifuani. Alijua kuwa pengine ni mwanawe anayesema. Alijua pia kuwa pengine siye. Basi hakumjibu aliyesema. Aliinua uso kuelekea kilele asichokiona, akapaza sauti kama anavyoipaza sokoni akipunjwa.

"Goyo! Jana, uani kwangu, ulisema hapa ni kwangu. Ulisema kwa huo ulimi wako mmoja. Nimefika kwangu, na mwenye nyumba habishi hodi!"

Mlima ukanguruma. Nyuma yake kioo cha gari kikapasuka, na Casimiro akapiga kelele. Hermelinda hakugeuka. Alikita miguu kwenye mchanga wa moto.

"Sikuja kwa adabu. Nipe mwanangu."